Jukwaa gani la mikutano ya video kwa biashara yako? Anza na mwenye laini mbovu

Biashara nyingi hununua leseni kwanza, halafu ndipo zinagundua kwamba meneja wa tawi hasikiki. Aliyechagua alikuwa ofisi yenye faiba, akafungua laptopu mpya, akaona picha safi, akalipa. Wa kupimia ni yule mwingine: ana simu ya bei ya chini, bando la siku, na amekaa stoo iliyoezekwa bati. Akisikika huyo, wengine hawatakuwa na shida.

Mfano tutakaokwenda nao ni kampuni ya Kariakoo inayoingiza vipuri vya magari kutoka Guangzhou na Dubai. Ina watu 14 Dar es Salaam, watatu tawi la Mwanza, na wateja wa jumla Lubumbashi na Kigali. Kama yako ni tofauti, badilisha miji. Hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Orodhesha vikao vya wiki mbili

Kabla ya kufungua tovuti yoyote ya bei, chukua daftari au Excel uandike kila kikao cha mbali mlichofanya kwa siku 14, hata kile cha dakika tano kwa WhatsApp. Andika waliokuwepo, mji waliokuwemo, kifaa walichotumia, muda kikao kilivyochukua, na kama kulikuwa na haja ya kuonyesha skrini au kurekodi.

Orodha hiyo huwashangaza wengi. Kampuni ya mfano itakuta vikao vingi ni vya watu watatu hadi sita na haviishi nusu saa. Kinachozidi saa moja ni kimoja tu, kile cha mauzo cha Jumatatu. Hakuna kinachofika watu 20. Kifurushi cha watu 300 hakina kazi hapo.

Kisha tafuta namba moja muhimu: ni vikao vingapi vinaweza kwenda kwa wakati mmoja? Zoom hulipiwa na mwenyeji peke yake, yaani anayeanzisha kikao, wageni hawalipi, na leseni ya kawaida ya Pro huendesha kikao kimoja kwa wakati. Mhasibu akiwa na mkaguzi wakati ofisa manunuzi yuko na Guangzhou, mnahitaji wenyeji wawili. Wengi hununua leseni kwa kila mfanyakazi, au hununua moja na kugawana nenosiri. Njia hii ya pili huleta vituko: wa pili akianza kikao, mfumo humwambia afunge cha kwanza, naye anafunga bila kujua kwamba bosi yuko na mteja.

Hatua ya 2: Pima laini, hasa data inayotoka

Fungua tovuti ya kupima kasi kila mahali watu wenu wanapokaa, saa 3 asubuhi, saa 8 mchana na saa 1 usiku, kwa siku tatu. Usipime ofisini tu, na hotspot ya bosi haihesabiki. Andika namba nne: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, ping (muda data inaochukua kwenda na kurudi) na jitter (jinsi muda huo unavyoyumba).

Macho ya wengi hukimbilia kupakua. Kikao huharibiwa na kupakia, yaani data inayotoka kwako kwenda kwa wenzako, kwa sababu laini nyingi za simu hutoa kupakia kidogo sana. Zoom wenyewe wanataja mahitaji ya kikao cha kundi kwa video ya kawaida kuwa megabiti 1 kwa sekunde ya kupakia na kilobiti 600 ya kupakua. Picha ya 720p, yaani ile safi zaidi (HD), inataka megabiti 2.6 za kupakia na 1.8 za kupakua. Sauti peke yake inatosheka na kilobiti 60 hadi 80.

Sasa geuza namba hizo ziwe bando. Video ya kawaida ni megabiti 1.6 kwa sekunde ukijumlisha kwenda na kurudi. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 0.2, zidisha kwa sekunde 3,600: MB 720 kwa saa. Ile ya 720p inakaribia GB 2 kwa saa. Sauti peke yake haizidi MB 72. Meneja wa Mwanza mwenye bando la GB 1 ataishiwa kabla kikao kimoja cha saa na nusu hakijaisha, lakini kamera zote zikizimwa GB hiyohiyo ingemtosha vikao vya wiki nzima. Mwambie hivyo waziwazi, au mlipie bando la kazi. Ukimlaumu kwa kuzima kamera unamlaumu kwa kutunza salio lake.

Ping na jitter ndizo zinazoeleza kwa nini mtu mwenye kasi nzuri bado anakatika-katika. Ping ikiwa chini ya milisekunde 150, jitter chini ya 40, na pakiti (vipande vya data) zinazopotea njiani zisizidi asilimia 2, mazungumzo huenda vizuri. Ping ikipita 300 watu huanza kugongana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza.

Kuna mambo matatu ya laini ambayo hayaonekani kwenye kipimo:

- Simu inayotoa hotspot ikipigiwa, na laini yake haina VoLTE (kupiga simu kupitia 4G), hushuka kutoka 4G hadi 3G au hata 2G ili kupokea simu. Kikao kinaganda palepale. Tumia laini ya data pekee ambayo hakuna mtu mwenye namba yake.
- Ofisi moja, laptopu nne, kikao kimoja: mnapakia mara nne. Kaeni chumba kimoja na mashine moja.
- Fayawoli (ulinzi wa mtandao wa ofisi) ikizuia UDP, njia ya haraka ya kupitisha sauti na picha, programu hurudi kwenye TCP, njia ya taratibu zaidi, kupitia mlango 443. Kikao kitafunguka, lakini kwa kuchelewa na picha ya ukungu. Mwambie fundi wa mtandao afungue UDP 8801 hadi 8810 kwa Zoom, 3478 hadi 3481 kwa Teams ya Microsoft, na 3478 pamoja na 19302 hadi 19309 kwa Google Meet.

Hatua ya 3: Uliza wageni wako wako nchi gani

Hili huachwa hadi siku ya kikao, nalo ndilo linaloweza kufuta jukwaa zima kwenye orodha yako.

China bara, huduma za Google hazifunguki bila VPN, na WhatsApp nayo imezuiwa. Ukimtumia msambazaji wa Guangzhou kiungo cha Meet, atakujibu kwa adabu kwamba “mtandao unasumbua”, halafu atakutumia WeChat. Kwa Zoom anaweza kujiunga na kikao ulichoanzisha wewe, ila yeye kuanzisha ni shida: tangu 2020 Zoom iliacha kuwauzia moja kwa moja wateja wa China bara. Teams kwa kawaida hufunguka huko.

Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi. Ujumbe unakwenda, simu haiendi. Zoom, Teams na Meet zinaruhusiwa. Kwa hiyo mwenye mzigo Dubai na Guangzhou kwa pamoja amebaki na Zoom au Teams hata kabla hajatazama bei.

Kwa mteja wa Lubumbashi au Kigali hakuna kizuizi cha namna hiyo. Swali lake ni kama atakubali kupakua programu mpya kwenye simu iliyojaa. Mgeni wa Teams au Meet anaweza kuingia kwa kivinjari akiwa kwenye kompyuta, bila akaunti. Zoom pia ina njia ya kivinjari, lakini mwenye akaunti anatakiwa awe ameiruhusu kwenye mipangilio. Nenda uiwashe mapema.

Hatua ya 4: Tazama unacholipia tayari

Kama barua pepe zenu za kampuni ziko Google Workspace, Meet imo ndani. Kifurushi cha Business Starter kinachukua watu 100 lakini hakirekodi. Business Standard kinachukua 150 na rekodi huingia Google Drive. Business Plus kinafika 500. Meet ni nyepesi na haisumbui kompyuta ya zamani, mradi usifungue kurasa thelathini pembeni.

Kama mko Microsoft 365, Teams kwa kawaida imo, isipokuwa mlinunua kifurushi kisicho nayo: hata Business Basic inaruhusu watu 300 na kikao cha hadi saa 30. Udhaifu wake ni uzito. Kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4, Teams pamoja na Excel na kivinjari ni mateso. Na jambo moja la kujua kabla halijakuuma: rekodi za Teams hujifuta baada ya siku 120 usipobadili mpangilio. Makubaliano ya bei ya Januari yanaweza kuwa yametoweka mwezi Juni, wakati mnayabishania.

Kama hamlipii chochote kati ya hivyo, au wageni wa nje ni wengi, Zoom ndiyo inayoeleweka na watu wengi zaidi. Ya bure hukata kikao kwenye dakika ya 40, wakiwa watu wawili au kumi, na haijali nani anaongea. Ya Pro hufika saa 30 kwa watu 100. Kurekodi kwa bure kunawezekana ukiwa mwenyeji kwenye kompyuta, faili ikabaki hapohapo. Kwenye simu unahitaji hifadhi ya mtandaoni, ambayo ni ya kulipia. Meet na Teams za bure hukata kwenye dakika ya 60 kwa vikao vya kundi.

Jitsi Meet ni programu huria. Unaweza kutumia ile ya meet.jit.si, ambapo anayeanzisha kikao lazima aingie kwa akaunti kama ya Google, au kuiweka kwenye seva yenu. Seva yako mwenyewe inavutia hadi uhesabu mshahara wa anayeitunza. Tena, seva ikikodishwa Ulaya, sauti ya Dar es Salaam kwenda Mwanza inasafiri hadi huko na kurudi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja, intaneti iliyumba vibaya pwani yote ya Afrika Mashariki. Siku kama hizo seva ya mbali ndiyo inayoumia.

Na WhatsApp? Usiidharau. Watu 32 kwenye simu moja, kila mtu anayo tayari, hakuna kufundishana. Kwa kikao cha asubuhi cha dakika kumi na tawi, hakuna kinachoishinda. Hairekodi, namba za watu huonekana na wote, na akaunti ni ya mtu, wala si ya kampuni. Iacheni ifanye kazi za ndani. Ya wateja na mikataba ipelekwe kwenye jukwaa.

Hatua ya 5: Jaribu majukwaa mawili kwa kikao kilekile

Chagua mawili tu, matatu huchosha watu. Wiki ya kwanza kikao cha Jumatatu kiende kwenye la kwanza, wiki ya pili kwenye la pili. Saa ileile, watu walewale. Fuata ratiba hii ya dakika 25:

1. Dakika 5 kamera zote wazi, kila mtu aseme sentensi mbili.
2. Dakika 5 kamera zote zimezimwa.
3. Dakika 10 mtu aonyeshe karatasi halisi ya bei kwenye Excel. Aliye kwenye simu asome kwa sauti safu ya 12. Akishindwa, kuza hadi asilimia 150 ujaribu tena.
4. Dakika 5 za mwisho, aliye Mwanza azime data kwa makusudi, ahesabu hadi kumi, awashe. Andika sekunde anazochukua kurudi, na kama amerudi mwenyewe au imebidi abonyeze kiungo upya.

Mpe mtu mmoja kazi ya kuhesabu ni mara ngapi mtu amesema “hebu rudia” au “tunakusikia kwa mbali”. Hicho ndicho kipimo kikuu. Jukwaa lenye “hebu rudia” nne linalishinda lenye 11, hata kama la pili lina vikorombwezo vya kila aina.

Kwa biashara ya vipuri, ongeza jaribio moja: onyesha kipuri. Shika beringi mbele ya kamera mtu wa upande wa pili asome namba iliyochongwa kwenye ukingo. Mara nyingi kwanza beringi itapotea kabisa, ibaki mikono inayoshika hewa. Ni kwa sababu ule mpangilio wa kutia ukungu nyuma yako unadhani kitu ulichoshika ni sehemu ya nyuma. Uzime. Ikionekana, namba bado itakuwa vumbi tupu, kwa kuwa video hubanwa ili ipite kwenye laini. Geuza kwenda kamera ya nyuma ya simu, sogeza hadi sentimita 15 hivi, subiri sekunde mbili ilenge, na mwanga utoke ubavuni ili michongo ipate kivuli. Isipotosha, piga picha uitume kwenye gumzo la kikao. Kontena zima la vipuri visivyo sahihi linaweza kuagizwa kwa kudhani 6 ni 8.

Hatua ya 6: Nunua kwa jina la kampuni

Fungua akaunti kwa barua pepe ya kampuni. Akaunti ikiwa kwa Gmail ya kijana wa IT na uthibitisho unakwenda kwenye laini yake, siku akiondoka anaondoka na rekodi zote. Weka wasimamizi wawili, wote na uthibitisho wa hatua mbili, na namba ya simu iwe ya laini iliyosajiliwa kwa kampuni.

Lipa kwa mwezi kwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Bei ya mwaka ni nafuu ukiigawa, lakini mikataba hii hujihuisha yenyewe. Ukiamua kulipa kwa mwaka, weka ukumbusho siku 30 kabla. Bei za tovutini mara nyingi ni za dola bila kodi, hivyo weka kwenye bajeti VAT ya asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya, na tofauti ya kubadilisha fedha. Kadi ikikataliwa, sababu za kawaida ni mbili: benki haijafungua manunuzi ya mtandaoni, au salio linatosha bei lakini halitoshi kodi. Kadi za Visa za M-Pesa hufanya kazi, ila jaza ziada, maana malipo ya mwezi ujao yakigonga mwamba leseni hushuka kuwa ya bure katikati ya wiki.

Hatua ya 7: Panga mipangilio mara moja, ikae

Washa chumba cha kusubiria na nenosiri kwa kila kikao cha nje. Kuonyesha skrini kuwe kwa mwenyeji, naye awape wengine ruhusa. Usitumie namba yako binafsi ya kikao kwa wateja: haibadiliki, na mteja wa saa nne anaweza kuingia katikati ya kikao cha mteja wa saa tatu akasikia bei za mwenzake. Tengeneza kiungo kipya kila mara.

Kurekodi kunagusa sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya 2019, na sauti na sura ya mtu ni taarifa zake. Mwambie mgeni kabla ya kubonyeza, mwambie ni ya nini na itakaa muda gani, na asubiriwe akubali. Ukiwasha usimbaji wa mwisho hadi mwisho wa Zoom (kufunga mazungumzo ili walio kikaoni tu wayasikie), fahamu kwamba kurekodi mtandaoni na kujiunga kwa simu ya kawaida vinazimika.

Hatua ya 8: Vifaa na umeme

Pesa ya kwanza iende kwenye sauti. Hedifoni ya waya yenye maiki hushinda kamera ya gharama. Chumba chenye vigae na madirisha bila pazia hurudisha mwangwi. Mapazia mazito au hata maboksi ya mzigo ukutani hupunguza. Laptopu mbili chumba kimoja, zote spika wazi, zitapiga kelele ya kuumiza masikio: moja izime maiki na spika vyote, kuzima maiki peke yake hakutoshi.

Umeme ukikatika au Luku ikiisha, laptopu inabaki hai lakini ruta inakufa. Nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Yenye mAh 10,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 37. Ruta ya wati 10 itaishi karibu saa tatu ukitoa upotevu. Soma volti chini ya ruta kabla ya kuchomeka, kuna za 9 na za 12. Na kama una faiba, kile kisanduku cha ukutani nacho kinahitaji umeme, usikisahau.

Hatua ya 9: Mwaliko usiokosewa saa

Ukimwandikia mtu wa Guangzhou “4:00” ukimaanisha saa nne asubuhi, umeshakosa kikao. Tuma mwaliko wa kalenda, usiandike saa kwa mkono, na hakikisha kalenda yako iko GMT+3. Saa nne asubuhi Dar es Salaam ni saa tatu Lubumbashi na Kigali, saa tano Dubai, na saa tisa alasiri Guangzhou. Ndani ya mwaliko weka kiungo kimoja cha jukwaa, na chini yake namba ya kupiga mambo yakigoma, na neno moja: tukikatika wote, tunasubiri dakika tano kisha anayeuza ndiye anayempigia anayenunua.